Mbegu na Ardhi Yake: Historia ya Pamba ya Ukiriguru

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari katika mkoa wa Mwanza. Nilimwuliza kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa pamba, maana ya herufi mbili zilizotangulia namba katika jina la mbegu aliyopanda baba yake: UK 91. Akajibu bila kusita, "Ni Uingereza, mzee. Ndiko ilikotoka mbegu." Darasa zima liliafiki. Nami sikuwacheka, kwa kuwa jibu hilo lilikuwa na mantiki yake: tumezoea kudhani kwamba kila kilicho bora kimeletwa kwa meli. Lakini jibu lilikuwa la makosa. Herufi hizo ni kifupi cha Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichoko kusini ya mji wa Mwanza, safari isiyofika saa moja kwa gari. Vijana wale walikuwa wakiishi jirani kabisa na chimbuko la mbegu yao, nao wakalitafuta ng'ambo ya bahari.

Insha hii nimeiandika kwa ajili yao na kwa walimu wao. Habari ya mbegu ya pamba si habari ya bwana shamba peke yake. Ni sehemu ya utamaduni wa taifa, kwani utamaduni si ngoma na mavazi tu. Ni pia namna watu wanavyoijua ardhi yao na kuilazimisha iwape riziki, au wanavyokubali kujifunza kutoka kwayo.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba pamba haikuwa ngeni kwetu walipofika Wazungu. Katika magofu ya Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vya vigae vilivyotumika katika kusokota nyuzi, ushahidi kwamba watu wa mwambao walisokota pamba karne nyingi zilizopita. Huko bara, Wafipa na Wanyamwezi walikuwa na mafundi waliofuma vitambaa vizito vya pamba ya kienyeji. Ufundi huo ulififia mbele ya marekani na vitambaa vingine vilivyoletwa na biashara, lakini kumbukumbu yake yatosha kututhibitishia kwamba mmea huu ulikuwa na wenyewe.

Kilichokuwa kigeni ni pamba ya amri. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Wajerumani iliwalazimisha watu wa pwani na wa kusini kulima mashamba ya pamoja ya pamba chini ya maakida na majumbe. Mkulima aliacha shamba lake la chakula katika siku zile zile ambazo mvua ilimtaka awe shambani kwake, na malipo aliyopata hayakuwa na uwiano na jasho lake. Mwezi Julai mwaka 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa miche ya pamba. Kitendo hicho kidogo cha mikono mitupu kilikuwa ndicho alama ya kuanza kwa Vita vya Majimaji, vilivyoendelea hadi 1907 na kufuatiwa na njaa iliyoangamiza watu wengi mno.

Wanahistoria wameeleza vya kutosha dhuluma ya kazi ile. Mimi naongeza jambo moja ambalo halitajwi sana. Watawala waliichukulia pamba kama kwamba ni mmea mmoja wenye tabia moja popote. Walijaribu mbegu za Misri, ambazo nyuzi zake ndefu zilipendwa sana viwandani Ulaya. Lakini pamba ya Misri ililelewa kwa maji ya mfereji, katika nchi kavu yenye jua la kudumu na msimu mrefu. Kuitupa katika nchi inayotegemea mvua, yenye wadudu na maradhi ambayo haikuwahi kuyaona, ni sawa na kumtuma mtu wa bara akavue papa siku ya kwanza aionapo bahari. Mwenye amri hakuiuliza ardhi, wala hakumwuliza mwenye ardhi.

Ndipo tunapofika kwenye kiini cha insha hii. Mbegu bora ni ipi? Jibu la haraka ni: ile izaayo sana. Lakini izaayo wapi? Pamba inayolimwa zaidi katika Afrika ya Mashariki ina asili yake katika bara la Amerika. Ili istawi Usukumani, mmea huo hauna budi kuota kwa mvua za mwishoni mwa mwaka, kustahimili ukame wa katikati ambao mara nyingi huja Januari au Februari, na kufungua vitumba vyake mvua zikiisha, ili pamba isilowe ikaoza. Unapaswa kuridhika na udongo wa luseni, mchanga mwepesi wa miinuko, na mara nyingine na udongo mzito mweusi wa mbuga. Zaidi ya hayo una maadui wake wa hapa hapa.

Adui wa kwanza aliyewashughulisha watafiti alikuwa mdudu mdogo sana wa rangi ya kijani, ambaye wakulima humwita chawa jani na wataalamu humwita jasidi. Huyu hufyonza utomvu upande wa chini wa jani. Jani hujikunja kingoni, hugeuka manjano, kisha jekundu, mwisho hukauka kama lililopitiwa na moto. Katika miaka ya 1920, kwenye kituo cha Barberton katika Afrika ya Kusini, mtafiti F. R. Parnell wa Shirika la Ukuzaji Pamba la Dola ya Uingereza, lililoundwa mwaka 1921, alianza kuchunguza mimea michache iliyobaki kijani katikati ya shamba lililoungua. Uzao wa mmea mmoja kati ya hiyo ulipata jina la U4, nao ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Siri yake ilikuwa nini? Ilikuwa manyoya. Majani ya pamba hiyo yalikuwa na vinyweleo virefu vilivyosongamana, vikamzuia jasidi asipate mahali pa kutulia na kutaga mayai.

Msomaji atazame jambo hili kwa makini, maana ndilo somo lenyewe. Mdudu hakushindwa kwa sumu, bali kwa kumpata miongoni mwa mimea yule aliyekwisha kuwa na ngao, na kumfanya awe mzazi wa wengine. Lakini ngao nayo ina gharama zake. Nondo wa funza wa vitumba hupenda kutaga mayai juu ya majani yenye manyoya kuliko majani laini. Ukiziba ufa huu, wapaswa kuutazama na ule. Kwa hiyo mteuzi wa mbegu hatafuti mmea usio na kasoro. Anatafuta mmea ambao kasoro zake zinavumilika mahali hapa.

Ukiriguru ilianza kazi ya pamba katika miaka ya 1930, na kumbukumbu za uteuzi wa mbegu kwa ajili ya Jimbo la Ziwa zimeandikwa mfululizo tangu msimu wa 1939/40, chini ya mtafiti J. E. Peat. Kazi yenyewe ilikwendaje? Katika shamba lenye maelfu ya mimea, mteuzi alipita mstari kwa mstari akichagua mmea mmoja mmoja. Pamba ya kila mmea ilichumwa peke yake, ikatiwa katika mfuko wake na kupewa namba. Msimu uliofuata, mbegu za kila mfuko zilipandwa mstari wake, ili watoto wasimulie tabia ya mzazi. Kwa kuwa nyuki huchukua chavua kutoka ua hadi ua, maua yaliyotakiwa kubaki safi yalifungwa kabla hayajachanua, yasipate kuingiliwa. Ua la pamba huchanua asubuhi likiwa na weupe wa malai. Siku ya pili limekwisha geuka waridi, na nafasi imepita. Hivyo mikono iliyofunga maua hayo ilipaswa kuwa na haraka na uangalifu kwa pamoja.

Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Katika taarifa zilizochapishwa yamo majina ya wataalamu, nayo yanastahili kuwamo. Lakini mistari ile ilipandwa, ikapaliliwa, ikafungwa maua na kuchumwa na wanaume na wanawake wa vijiji vya jirani, ambao macho yao yalizoea kutofautisha mmea na mmea kama mchungaji atofautishavyo ng'ombe wake. Msukuma aliyekulia zizini hakuhitaji kufundishwa kwamba dume huchaguliwa kwa kutazama ndama zake.

Baada ya mistari hiyo, waliofaulu walijaribiwa katika vituo vingi vya Jimbo, kwenye udongo wa aina mbalimbali, mwaka wa mvua nzuri na mwaka wa kiangazi. Pamba ilichambuliwa ili ijulikane katika kila kilo tatu za pamba mbegu zinapatikana nyuzi kiasi gani, nazo kwa kawaida hazizidi sana kilo moja. Nyuzi zilipelekwa Manchester, katika maabara ya Shirley Institute, zikapimwa urefu, unene na nguvu katika kusokotwa. Tangu mmea mmoja kuchaguliwa hadi mkulima kupewa mbegu, miaka kumi ilipita na mara nyingine zaidi. Mtoto aliyezaliwa siku mmea ulipochaguliwa alikuwa na umri wa kwenda kuchuma uzao wake.

Wala Ukiriguru haikushughulika na mbegu peke yake. Katika miaka ya 1940 Peat na wenzake walifanyia majaribio matuta yaliyofungwa, yaani matuta yenye vizuizi vidogo kila baada ya hatua chache, ili maji ya mvua yasikimbie na udongo. Walipima pia faida ya samadi, wakaona kwamba samadi iliyowekwa mara moja iliendelea kunufaisha shamba miaka kadhaa. Kwa hakika mbegu bora katika udongo uliochoka ni kama mgeni mtukufu aliyekaribishwa katika nyumba isiyo na chakula.

Adui wa pili alikuwa ugonjwa wa bakteria, unaotia madoa kama ya maji juu ya majani, ukaozesha vitumba na kuyafanya matawi yawe meusi. Kwa sababu hiyo uliitwa mkono mweusi. Hapa historia inatupa kisa kizuri. Mwanzoni mwa karne ya 20, pamba ya Kimarekani iitwayo Allen ilichukuliwa kutoka Uganda hadi Nigeria ya Kaskazini. Huko ilikaa miaka mingi, ikakumbana na mazingira mapya na kuteuliwa tena na tena. Baadaye katika pamba hiyo ya Nigeria ilipatikana mimea yenye kustahimili ugonjwa wa bakteria. Ikarudi Uganda, na katika kituo cha Namulonge karibu na Kampala, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuongozwa na Joseph Hutchinson, ikateuliwa na kupewa jina la Albar. Kutokana nayo vituo vya Bukalasa na Serere vilipata mbegu za BPA na SATU, kila moja kwa sehemu yake ya Uganda. Wateuzi wa Ukiriguru nao waliitafuta kinga ya namna hiyo, wakaiunganisha na manyoya yaliyomshinda jasidi.

Tazama safari hiyo: Amerika, Uganda, Nigeria, Uganda tena. Msafiri aliondoka dhaifu, akarudi na ngao. Mwenye kutaka kujua maana ya umoja wa Afrika asisome hotuba peke yake. Asome pia nasaba ya mbegu.

Adui wa tatu alijulikana katika Jimbo la Ziwa katika miaka ya 1950, naye ni mnyauko fuzari. Huu ni ukungu ukaao udongoni. Huingia mizizini, hasa ile iliyokwisha kujeruhiwa na minyoo fundo, ukaziba mishipa ya maji hata mmea ukanyauka ukiwa umesimama. Dawa ya kunyunyizia haisaidii, na udongo ukisha ambukizwa hubaki hivyo miaka mingi. Ugonjwa huu husafiri pia ndani ya mbegu. Basi palihitajika mbegu yenye kustahimili, na palihitajika pia nidhamu: mbegu itokayo katika sehemu yenye mnyauko isipelekwe mahali ambapo ugonjwa haujafika.

Kwa njia hii zikafuatana UK 77, UK 82, UK 91 na UKM08, kila moja ikibeba katika tarakimu zake ukumbusho wa wakati wake. Kwa upande wa mashariki, ambako mvua na joto ni vingine, kituo cha Ilonga katika wilaya ya Kilosa kilitoa mbegu zake chenyewe, kama IL 74 na IL 85. Haikudhaniwa kwamba kifaacho Maswa lazima kifae Kilosa. Na huko kusini, serikali ilikataza kabisa kilimo cha pamba, ili funza mwekundu aliyeko katika nchi jirani asipate daraja la kuvukia hadi kaskazini. Hivyo sehemu kubwa ya nchi ya Majimaji, iliyolazimishwa zamani kulima pamba kwa kiboko, ilikuja kuzuiwa kuilima kwa sheria ya karantini.

Hapo ndipo naomba ruhusa ya msomaji niseme habari niliyoiona kwa macho yangu. Mbegu ya pamba ina tofauti moja kubwa na mbegu ya mahindi. Mkulima wa mahindi hujiwekea magunzi mazuri darini. Mkulima wa pamba huuza pamba pamoja na mbegu yake; kinu ndicho kitenganishacho nyuzi na mbegu, na mbegu ya mwakani hutoka kinuni. Kwa hiyo usafi wa mbegu hauko mkononi mwa mtu mmoja. Kwa miaka mingi, iwe chini ya vyama vya ushirika, iwe chini ya Mamlaka ya Pamba, utaratibu ulikuwa kwamba kila eneo lilime mbegu moja, lipeleke pamba katika vinu vyake, nalo lipokee mbegu iliyotoka kituoni kwa zamu: kwanza mashamba machache yaliyotengwa, kisha tarafa, kisha wilaya, kama wimbi lisukumavyo wimbi.

Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Sikatai kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa na maradhi yake. Wakulima walikwisha choka kukopwa na kucheleweshewa fedha zao, na wengi walifurahi kulipwa papo hapo. Lakini magari ya wanunuzi hayakujua mipaka ya mbegu. Pamba ya wilaya hii ilichambuliwa katika kinu cha wilaya ile, na mbegu zikarudi mashambani zikiwa mchanganyiko.

Wakati huo nilikuwa karani kijana wa serikali, nami nilikwenda likizo nyumbani msimu wa kupanda. Baba alikuwa amepokea gunia la mbegu kutoka kwa mnunuzi mmoja. Alimimina konzi moja juu ya ungo, akazitazama kwa muda mrefu. Nyingine zilikuwa na manyoya mengi, nyingine zilikuwa karibu na upara; nyingine kubwa, nyingine ndogo.

"Wewe uliyesoma," akaniambia, "hebu nieleze. Mbegu hii ina baba wangapi?"

Nikamjibu kwamba soko huria litajirekebisha lenyewe, neno nililokuwa nimelisikia ofisini.

"Soko halipandi," akasema. "Mimi ndiye nipandaye."

Alipanda, kwa sababu mvua haingoji. Msimu ule mimea yake ilisimama kama watoto wa shule wa madarasa mbalimbali waliopangwa mstari mmoja: mingine ilifungua vitumba mapema, mingine ikachelewa, na mitaa miwili ya bondeni ikanyauka. Sijaweza kulisahau swali lake. Kazi ya nusu karne ya kufunga maua, kuhesabu mifuko na kupima nyuzi, ilikuwa imemiminwa katika gunia moja, na hakukuwa na mtu wa kuulizwa. Hasara ya namna hiyo haipigi kelele. Kinu hakikuungua, ghala halikuibwa. Ila kitu cha watu wote kilikosa mlinzi.

Baadaye juhudi zilifanywa za kurudisha mpango. Wilaya ya Igunga ilitengwa iwe mahali pa kuzalishia mbegu safi ya UKM08, na kituo cha Ukiriguru, ambacho siku hizi ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, kinaendelea na kazi yake. Lakini kurudisha usafi ni kazi ngumu kuliko kuulinda. Maji yakimwagika hayazoleki. Mbegu zikichanganyika huzoleka, ila moja moja, kwa miaka.

Ndugu mwalimu, unapofundisha historia ya nchi yetu, usiache kuwapeleka vijana shambani. Waonyeshe jani la pamba na uwape nafasi ya kupapasa manyoya yake, kisha uwaambie kwamba ule ukwaruzo mdogo vidoleni mwao ni historia. Waeleze kwamba elimu ya kweli ilianza pale mtu alipoacha kuiamuru ardhi akaanza kuiuliza, na kwamba jibu la ardhi halipatikani kwa msimu mmoja. Waeleze pia, bila kuficha, kwamba mbegu bora haimpi mkulima bei bora. Hilo ni shauri jingine, lenye mapambano yake.

Nawe mwanafunzi, ukiulizwa maana ya herufi zile mbili, usitazame ng'ambo. Nami, kwa kuwa mazoea yangu ni ya mashairi, nafunga kwa ubeti mmoja:

Mbegu njema si bahati, hutafutwa kwa subira,
Nchi ina zake hati, udongo ndio ishara,
Asiyejua wakati, mavuno yake hasara,
Na tuilinde kwa dhati, kuchanganya ni madhara.